Mali Bila Daftari: Binti Zetu na Elimu ya Kuunda Programu za Biashara

Msimu wa kuchagua masomo ya chuo kikuu unapowadia, nyumba nyingi za Pwani huingia katika mashauriano marefu. Matokeo ya kidato cha nne yameshatoka, KUCCPS imefungua mlango wa maombi, na binti ameketi na wazazi wake wakiitazama orodha ya masomo ambayo baadhi ya majina yake hayajapata kutamkwa nyumbani humo. Udaktari unajulikana. Ualimu unajulikana. Sheria nayo inajulikana. Lakini binti anaposema kwamba anataka kusomea teknolojia ya habari ili ajifunze kuunda programu za biashara za wavuti, baba hunyamaza, na mama huuliza: "Na hiyo ni kazi gani, mwanangu?" Bibi aliyeketi pembeni naye hudhani kwamba mjukuu wake anataka kushinda kutwa mbele ya kioo akitazama picha.

Swali la mama ni swali la haki, na haifai kulijibu kwa maneno ya kiufundi yatakayomwacha pale pale alipokuwa. Jibu tutakalolieleza katika makala haya ni kwamba kazi hiyo, ukiivua mapambo yake yote, ni kazi ya kutunza daftari. Binti anayejifunza kuunda programu za biashara anajifunza namna ya kuandika mali na madeni ya watu kwa njia ambayo haitapotea, haitaghushiwa kwa urahisi, na itaweza kusomwa na mwenye haki hata kama aliyeandika hayupo. Mzazi akilielewa jambo hilo, atajua la kumuuliza mwanawe, la kumsaidia nalo, na la kumtahadharisha nalo.

DAFTARI NA HAKI ZA WATU

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo walizijua biashara. Mwambao huu uliishi kwa misimu ya kaskazi na kusi, na mfanyabiashara aliyempa nahodha shehena ya boriti kwenda Arabuni alijua kwamba huenda asionane naye tena mpaka mwaka ujao. Kumbukumbu ya kichwani haikutosha. Ilihitajika kalamu, na ilihitajika karatasi.

Tazama sasa duka la mtaani kwetu, au mama anayeuza madera na leso kutoka nyumbani kwake. Daftari lipo, lakini kurasa zake zimelowa mafuta, na maandishi yake ni mafumbo. "Jirani wa kona, 250." "Mama wa ghorofa ya pili, 400." "Yule wa jana, bado." Mwenye duka anawajua wote hao, na maadamu yu hai na ana afya njema, mambo huenda. Lakini ajali haina miadi. Siku anapolazwa hospitalini, mwanawe anayeshika duka hawezi kumdai mtu yeyote, kwa kuwa hamjui "yule wa jana" ni nani. Siku anapofishwa, jambo huwa zito zaidi. Kila Muislamu anajua kwamba mirathi haigawanywi kabla ya kutolewa gharama za maziko, kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Basi watayalipaje madeni ambayo hakuna awezaye kuyasoma? Wanaodai watasimama msibani na kudai, wanaodaiwa watanyamaza, na mayatima ndio watakaobeba hasara.

Si ajabu, basi, kwamba aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kuzungumzia uandikaji wa deni, mwandishi wake na mashahidi wake. Jambo hili halikuachiwa uaminifu wa moyo peke yake.

Wala si ajabu kwamba mmoja wa mababa wa elimu ya tarakilishi alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyeshughulishwa na masuala haya haya. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Maamun. Kitabu chake cha hesabu ndicho kilichoipa dunia neno aljebra, na sehemu yake kubwa inahusu mafungu ya mirathi na wasia. Jina lake mwenyewe, baada ya kupindwa na ndimi za Walatini, limekuwa neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa ambazo tarakilishi huzifuata moja baada ya nyingine hadi kupata jibu. Binti wa Mombasa au Lamu anayekaa darasani kuandika algorithimu yake ya kwanza anatamka jina la mtu aliyetaka kila mrithi apate fungu lake.

PWANI SI WAGENI WA ELIMU HII

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya Nairobi au ya ng'ambo. Historia inawakanusha. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, kwa lengo la kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Miongoni mwa waliochangia fedha za kukianzisha walikuwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko Kilifi, nacho kilipata hati yake. Tarakilishi na teknolojia ya habari ni miongoni mwa yanayosomeshwa katika vyuo hivyo, na binti anaweza kusoma bila kwenda mbali na kwao.

Hata njia ya intaneti yenyewe imepita katika bahari yetu. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Umelala chini ya bahari ile ile ambayo majahazi yalipita juu yake kwa karne nyingi. Shehena imebadilika, lakini njia ni ile ile.

NYUMBA YENYE BARAZA, UKUMBI NA KASHA

Programu ya wavuti ni programu ambayo mtu huifungua kwa kivinjari cha simu au cha tarakilishi yake, bila ya kulazimika kuipakua na kuiweka kwanza. Wavuti wenyewe ulibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, nchini Uswisi, mwaka 1989. Mnamo Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia bila malipo, na uamuzi huo ndio uliofungua mlango kwa mama wa Old Town kuonyesha madera yake kwa mteja aliyeko Muscat.

Ili kufahamu yanayosomeshwa, fikiria nyumba ya Kiswahili. Kwanza kuna baraza, mahali mgeni anapopokewa na kukirimiwa. Katika programu, baraza ni ukurasa anaouona mteja: picha za bidhaa, bei, na kitufe cha kununua. Mwanafunzi hujifunza HTML, ambayo ni mbao na kuta za ukurasa. CSS, ambayo ni rangi na mapambo yake. Na JavaScript, lugha iliyoundwa na Brendan Eich mwaka 1995, inayoufanya ukurasa uitikie anapoguswa.

Nyuma ya baraza kuna ukumbi, na mgeni haingii humo bila idhini. Hii ndiyo seva, tarakilishi iliyo mbali ambayo hupokea maombi ya mteja, huyapima na kuyajibu. Hapa mwanafunzi hutumia lugha kama PHP, Python au Java. Kisha ndani kabisa kuna kasha, lile kasha la nakshi ambamo hati, dhahabu na nguo za thamani huwekwa. Kasha hilo ni hifadhidata, na hapo ndipo daftari lilipo.

Wanafunzi wengi huvutiwa na baraza, kwa kuwa ndilo linaloonekana na kusifiwa. Lakini nyumba haithaminiwi kwa baraza peke yake. Chuo kikuu kizuri humrejesha mwanafunzi kwenye kasha tena na tena, na mzazi anayetaka kujua kama mwanawe anasoma barabara na amuulize kuhusu kasha.

MAMBO MANNE YASIYOONEKANA

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la madera, na tutazame mambo manne ambayo mteja hayaoni kamwe, lakini ndiyo yanayotofautisha programu ya kuaminika na ya kubahatisha.

La kwanza ni kuandika kila jambo mahali pamoja tu. Mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati wa kampuni ya IBM, alieleza namna ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana. Mteja ana jedwali lake, bidhaa zina lake, na mauzo yana lake. Mteja huandikwa mara moja na kupewa nambari. Kisha kila deni lake huelekezwa kwenye nambari hiyo. Akibadilisha simu, panarekebishwa mahali pamoja na madeni yote yanafuata. Hapo hakuna tena "yule wa jana".

La pili ni kutoacha jambo nusu. Limebaki dera moja tu la rangi ya samawati. Mteja mmoja yuko dukani ameshalishika mkononi, na mwingine yuko Malindi anabonyeza kitufe cha kununua kwenye simu. Wote wawili wakilipa kwa dakika moja, nani atalipata? Mwanafunzi hufundishwa kuyafunga matendo pamoja, yaani kupunguza bidhaa, kuandika mauzo na kuandika malipo, ili ama yote yatimie au lisitimie hata moja. Asipolijua hilo, programu itauza dera moja mara mbili, na mama ndiye atakayeitwa tapeli.

La tatu ni usahihi wa hesabu. Watu hudhani tarakilishi haikosei hesabu. Ukweli ni kwamba namna ya kawaida ya tarakilishi kuhifadhi sehemu za namba haiwezi kuandika sehemu moja ya kumi kwa ukamilifu. Hubaki tofauti ndogo mno. Tofauti hizo zikirundikana katika maelfu ya mauzo, daftari haliwiani tena na fedha zilizomo kwenye sanduku. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuhifadhi fedha kwa senti nzima nzima, au kwa aina ya namba iliyotengwa kwa hesabu za fedha. Sisi tunaosoma Suratul Mutaffifin na onyo lake kwa wanaopunja vipimo hatuna haja ya kuelezwa kwa nini senti moja ni jambo kubwa.

La nne ni siri. Nywila ya mteja haihifadhiwi kama alivyoiandika. Husagwa kwanza. Nafaka ikishakuwa unga hairudi kuwa nafaka. Vivyo hivyo nywila iliyosagwa kwa hesabu maalumu hairejei, na mwizi akiliiba kasha ataambulia unga. Mteja anaporudi, anachoandika husagwa tena na unga hulinganishwa na unga. Aidha mwanafunzi hufundishwa kutomwamini mgeni kwa kila anachoandika barazani, kwani wako wahalifu ambao mahali pa kuandika jina huandika amri ya kuifungua hifadhidata yote. Programu iliyoundwa vyema huyachukulia maandishi ya mgeni kuwa ni maandishi tu, wala haiyatii.

MALIPO NA UJUMBE WA KUGHUSHI

Nchini Kenya biashara ya mtandaoni haitengani na M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hujifunza pia namna ya kuiunganisha programu yake na huduma hiyo. Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa, ombi hujitokeza kwenye simu yake mwenyewe, naye huandika nambari yake ya siri humo humo. Nambari hiyo haipiti kwenye programu ya duka hata kidogo. Malipo yakikamilika, mtambo wa Safaricom huitumia taarifa seva ya duka.

Wafanyabiashara wengi wamepoteza mali kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo uliotungwa, na mteja akaondoka na mzigo. Programu iliyoundwa barabara haitazami ujumbe ulioko mkononi mwa mteja. Hungoja taarifa kutoka kwa aliyepokea fedha, na huhakikisha kiasi ndicho. Vilevile taarifa moja yaweza kufika mara mbili kwa sababu ya hitilafu za mtandao, na hapo programu hutazama nambari ya muamala ili isimwandikie mteja malipo mawili. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anajifunza kazi ya shahidi: kuthibitisha kabla ya kuandika.

MSTARI MMOJA WA PROGRAMU

Kuna jambo jingine ambalo mhadhiri huenda asiligusie, nalo linamhusu binti wa Kiislamu moja kwa moja. Programu hubeba hukumu ya aliyeiagiza. Mwenye biashara akitaka kila deni lililochelewa liongezeke kwa asilimia fulani kila wiki, mwundaji huandika mstari mmoja tu, na tangu hapo tarakilishi itaongeza usiku na mchana bila huruma wala aibu. Mtu hatakuwepo tena wa kusema, "Huyu ana mgonjwa, mngoje."

Binti anayeandika mstari huo hana budi kujua anachokiandika. Anaweza kumuuliza mwenye biashara kama kweli analitaka jambo hilo, na anaweza kumpendekezea njia nyingine: kumkumbusha mdaiwa kwa upole kabla ya siku kufika, kugawanya deni katika mafungu madogo, au kuweka mahali ambapo mwenye duka anaweza kuandika kwamba amemwongezea mdeni muda au amemsamehe. Na pale anapoona shaka ya riba, awaulize wanachuoni kabla ya kuandika. Hapo ndipo elimu ya madrasa na elimu ya chuo kikuu hukutana, na binti aliyezipata zote mbili ana hazina ambayo wenzake wengi hawana.

SITARA YA MTEJA

Fikiria sasa fundi wa kushona mabuibui na magauni ya harusi. Daftari lake lina jina la kila mteja, nambari yake ya simu, mtaa anaokaa na vipimo vya mwili wake, kifua, kiuno na nyonga. Katika daftari la karatasi, habari hizo zimo chumbani mwa fundi, na wanaoziona ni wachache. Zikiingizwa kwenye programu isiyolindwa, zaweza kuonwa na mtu yeyote duniani aliyepata upenyo.

Serikali ya Kenya iliweka Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na kuna Kamishna anayeisimamia. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu ana haki ya kuambiwa habari zake zinachukuliwa kwa ajili gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe zinapokuwa hazistahili kuwepo. Anayekusanya hatakiwi kukusanya zaidi ya anachokihitaji. Mwanafunzi wa chuo kikuu hufundishwa sheria hii, lakini mwanamke wa Pwani aliifahamu roho yake kabla haijatungwa, kwa jina la sitara. Msusi, fundi cherehani, mpambaji wa maharusi anayepaka hina na piko, hawa wote kwa desturi yetu hawatoi nje wanayoyaona ndani.

Hii ndiyo sababu tunahitaji wasichana wetu katika kazi hii. Mwanamume aliyeko mbali, anayeunda programu ya fundi wa mabuibui, huenda asiwaze kwamba vipimo vifichwe hata kwa kijana anayepeleka mizigo. Binti aliyekulia katika nyumba hizo hana haja ya kuambiwa. Atampa kijana wa mizigo anwani na simu tu, na vipimo vitabaki kwa fundi. Atajua pia kwamba mteja wake anatumia simu ya bei nafuu na data kidogo, hivyo picha ziwe nyepesi, na kwamba vitufe viandikwe kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani.

MRADI UANZIE NYUMBANI

Masomo ya shahada kwa kawaida huchukua miaka minne. Mwanzoni mwanafunzi husoma misingi ya hesabu na uandishi wa programu. Baadaye hifadhidata, wavuti, na elimu ya kuchunguza mahitaji ya biashara. Kisha huenda kufanya kazi ya mafunzo katika kampuni au ofisi. Na mwishoni hutakiwa kuunda mradi wake mwenyewe na kuutetea mbele ya wahadhiri.

Aghalabu wanafunzi huchagua miradi mikubwa isiyo na mwenyewe, ambayo hufungiwa kabatini siku ya pili baada ya mtihani. Ushauri wetu ni kwamba mradi uanzie kwenye duka la ami yake au kwenye cherehani ya khalati yake. Akae hapo wiki mbili bila kugusa tarakilishi. Atazame mauzo yanavyoandikwa, aulize kwa nini baadhi ya wateja wana alama ya nyota, na kwa nini Ijumaa hesabu hufungwa mapema. Atagundua mambo ambayo hayamo kitabuni: kwamba mteja mmoja hununua kwa majina mawili, kwamba bei hupungua jirani anapofiwa, kwamba kuna vitu hutolewa sadaka na havimo kwenye mauzo. Programu isiyoyajua hayo itaachwa baada ya siku tatu, na daftari la mafuta litarudi mezani.

Na siku programu itakapoanza kazi, daftari la karatasi lisitupwe. Yaendeshwe yote mawili kwa muda, na kila jioni yalinganishwe. Yakiwiana mwezi mzima, hapo mwenye duka atakuwa na sababu ya kuamini.

KWA WAZAZI

Tumalizie na machache kwa akina baba na akina mama. Binti anayesoma fani hii anahitaji kipakatalishi chake mwenyewe. Si lazima kiwe kipya wala cha fahari; chenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kinatosha kwa masomo mengi. Programu atakazozihitaji, kama vile Linux, Python, PHP na PostgreSQL, hutolewa bure na kwa ridhaa ya walioziunda, basi hana sababu ya kutumia programu za wizi.

Anahitaji pia muda usiokatizwa. Kutafuta kosa moja katika programu huweza kuchukua saa tatu za kufikiri, na kila anapoitwa kuosha vyombo au kumbembeleza mtoto, huanza upya. Tusiseme kwamba hafanyi kitu kwa kuwa amekaa kimya. Kaka zake nao wana mikono ya kuosha vyombo.

Siku hizi akili mnemba inaweza kumwandikia mwanafunzi programu nzima kwa dakika chache. Kuitumia si kosa, lakini kuikabidhi ufahamu wake ni hasara. Kipimo ni chepesi: kila mwisho wa muhula mwambie akuonyeshe alichokiunda, kisha umuulize, "Mteja akilipa umeme ukakatika, itakuwaje? Nani mwingine anayeweza kuyaona haya? Wewe usipokuwepo, nani ataweza kulisoma daftari hili?" Huna haja ya kujua lugha ya tarakilishi ili kuuliza maswali hayo. Akiweza kukujibu kwa Kiswahili chepesi ukaelewa, basi jua amesoma. Akikujibu kwa maneno magumu yasiyo na maana, mrudishe kitabuni kwa upole.

Wala tusidanganyane kwamba shahada ni ajira. Kazi za ofisini ni chache na wanaozitafuta ni wengi. Lakini maduka ya mitaa yetu, mafundi, wapishi wa shughuli, vyama vya akina mama vya kuchangiana, madrasa zinazokusanya ada, na misikiti yenye mali za wakfu, wote hao wana madaftari yanayohitaji mtu mwaminifu wa kuyapanga. Binti anayeweza kuzifanya kazi hizo, baadhi yake akiwa nyumbani kwake, ana njia ya riziki ya halali, na jamii yake itakuwa imepata mwandishi wa amana zake.

Basi msimu huu, binti akisema anataka kusomea jambo hili, tusimuulize kwanza mshahara wake utakuwa kiasi gani. Tumpe daftari la nyumbani alitazame, na tumuulize anaona nini kimekosekana ndani yake.

Wabillahi Tawfiq.